Mtandao Ukikata, Nani Aamue?

Hoja ni hii: kijana wa Makangale aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya kompyuta, atumie miaka miwili na fedha za ukoo kusomea uzamili wa mifumo ya kompyuta iliyotawanyika, au aache? Wapo watakaoliona swali hili kuwa la anasa. Makangale ni shehia ya Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba. Ukitoka Konde unaupita Msitu wa Ngezi ndipo uifikie, na ukiendelea mbele hukuti tena ila Ras Kigomasha na mnara wake wa taa, kisha Mkondo wa Pemba. Watu wake wanaishi kwa bahari, karafuu na mashamba. Mimi naona hakuna mahali panapostahili kuliuliza swali hili kuliko hapo.

Mjadala nimeupanga mwenyewe. Nimewaweka barazani watu watano ambao Pemba haiwakosi: binti aliyesoma SUZA, Tunguu, ami yake ambaye ni mfanyabiashara wa dagaa, mwalimu mstaafu wa hisabati, fundi wa kompyuta aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, na mama mmoja, mhudumu wa afya wa jamii. Sikuwapa majina. Nilichotaka ni kila upande useme kwa nguvu zake zote, pamoja na upande nisiokubaliana nao.

AMI: Kwanza nielezeni kitu chenyewe. Huyu kila siku anasema mifumo iliyotawanyika, mie bado sijajua ni kazi ya mkono au ya mdomo.

BINTI: Ami, unakumbuka ulipomtumia pesa yule mtu wako wa Tanga, ujumbe wa kuthibitisha ukachelewa, ukatuma tena?

AMI: Nikakatwa mara mbili! Kuzirejesha ilikuwa kazi ya kupiga simu asubuhi na jioni.

BINTI: Somo langu linaanzia hapo. Simu yako ilipeleka ombi, jibu halikurudi. Yanawezekana mambo mawili. Labda ombi halikufika. Au limefika, pesa zimekatwa, na kilichopotea njiani ni jibu. Wewe uliyeshika simu huku huwezi kuyatofautisha, na kompyuta yoyote ikikaa peke yake ikafikiri mpaka kesho haiwezi pia. Kinachowezekana ni kuupanga muamala tangu mwanzo ili kuurudia kusilete madhara. Ombi linapewa namba yake ya pekee. Likirudiwa, linakwenda na namba ile ile. Upande wa pili ukiona namba iliyokwisha kuhudumiwa unajibu kwamba limeshafanyika, haukati mara ya pili. Ugumu ni kwamba ulipobonyeza upya, mfumo ulihesabu kuwa una nia mpya ya kulipa. Kujua kama hii ni nia ya mwanzo au nyingine, na kujua hivyo katika mashine zilizo mbalimbali ambazo kila moja inaweza kuzimika wakati wowote, hicho ndicho ninachotaka kukisomea.

FUNDI: Dada, nakupongeza, umeeleza vizuri. Lakini hayo yameshajulikana. Mimi nafanya kazi na mashine hizo kila siku, na sikuyasoma darasani. Zana zipo, tena bure. Itifaki ya Raft waliiandika Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford mwaka 2014, leo imo ndani ya etcd, na etcd imo ndani ya Kubernetes, na Kubernetes naiwasha asubuhi kabla ya chai. Mwajiri wa Dar es Salaam hakuulizi umethibitisha nadharia gani. Anakuuliza mfumo ukianguka usiku utaurudisha kwa dakika ngapi. Ukitaka kusoma, mihadhara ya MIT ya somo hili hili iko wazi mtandaoni pamoja na mazoezi yake, mpaka zoezi la kuiandika Raft kwa mkono wako. Kwa nini ulipe ada?

AMI: Hapo umenigusa. Mwenye kisima hanunui maji.

MWALIMU: Nisaidieni. Hiyo Raft inafanya nini?

FUNDI: Inazifanya mashine kadhaa, tuseme tano, zishike daftari moja lenye maandishi yale yale kwa mpangilio ule ule. Moja inakuwa kiongozi. Kila jambo linaandikwa kwake kwanza, yeye anawapelekea wenzake, na walio wengi wakisema limefika linahesabiwa limepita. Kiongozi akifa, waliobaki wanachagua mwingine. Ukipoteza mbili kati ya tano, kazi inaendelea.

MWALIMU: Na wanajuaje kuwa kiongozi amekufa?

FUNDI: Wanasubiri. Muda uliowekwa ukipita bila kusikia kutoka kwake, wanapiga kura.

MWALIMU: Kwa hiyo hawajui kama amekufa. Wamechoka kusubiri tu.

Hapa Fundi alinyamaza kidogo, na mimi nataka msomaji naye asimame. Katika fani hii yote sijui swali kubwa kuliko hilo la Mwalimu. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walichapisha uthibitisho mfupi uliowashangaza wenzao: ikiwa ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo kinachojulikana, na ikiwa hata mashine moja tu yaweza kusimama ghafla, basi hakuna utaratibu wowote usiotegemea bahati nasibu unaoweza kuhakikisha kwamba zilizobaki zitafikia uamuzi mmoja. Hawakusema kazi ni ngumu. Walisema dhamana hiyo haipo, wala haitapatikana.

FUNDI: Na bado mifumo inafanya kazi, mwalimu. Inafanya kazi duniani kote.

MWALIMU: Inafanya kazi kwa sababu mmeongeza dhana. Mmesema: tukubaliane kwamba ujumbe kwa kawaida hauchelewi zaidi ya hivi. Mie nilifundisha hisabati, najua mtu akiongeza dhana lazima aiandike na aichunge. Wewe umeiandika wapi yako?

FUNDI: Ipo katika faili la mipangilio. Milisekunde kadhaa.

MWALIMU: Nani alizichagua?

FUNDI: Zilikuja na programu.

MWALIMU: Basi nikupe mfano wetu wenyewe, na naomba nisieleweke vibaya, sitaki kuingia katika fiqhi, wenyewe wapo. Usiku wa kuamkia Ramadhani au Idi tunatafuta mwezi. Hapa Makangale tumetazama magharibi, mawingu, hatukuona kitu. Huenda Wete umeonekana. Huenda Tanga umeonekana, au Lamu, au Maskati. Habari hazijafika. Sasa kutofika kwa habari maana yake mwezi haukuonekana? Hapana. Yawezekana umeonekana na shahidi yuko njiani. Wapo wanaosema kila watu na upeo wao wa macho. Hao hawana haja ya kusubiri mtu, kila mahali wanaweza kuamua usiku ule ule, ila wakubali kwamba mji huu na mji ule huenda wakatofautiana. Wapo wanaosema habari ya kuaminika ikitoka popote inatuhusu sote. Hao wanataka neno moja, na neno moja lina bei yake: lazima habari ipite, na isipopita mtu anabaki na shaka. Pemba tumeshaona miaka ambayo nyumba moja inakula Idi na nyumba ya pili imefunga, na wote wana hoja.

BINTI: Mwalimu, hilo lina jina la mtu katika vitabu vyetu. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Berkeley alisema kwamba mtandao ukigawanyika vipande, mfumo hauwezi kutoa vyote viwili kwa pamoja: jibu moja lililo sawa kila mahali, na jibu kwa kila anayeuliza. Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha mwaka 2002. Mtandao ukiwa mzima huchagui. Ukikata, lazima uchague.

MWALIMU: Lakini sikilizeni pale mfano wangu unapoishia. Siye tuna alfajiri. Watu wasubiri, washauriane, wapige simu, lakini alfajiri ikiingia lazima mtu awe amenuia au hakunuia. Alfajiri haipangwi na mtu, na kila mmoja anaiona. Kompyuta hazina alfajiri. Hakuna wakati ambao mashine zote zinajua kwamba sasa kusubiri kumekwisha. Kwa hiyo huyu fundi wetu anazitengenezea alfajiri ya bandia kwa milisekunde alizozikuta ndani ya programu. Mtu aliyepanga milisekunde hizo alikuwa na mashine zilizo chumba kimoja, waya mzuri, umeme usiokatika. Ukizileta kwenye mnara wa simu wa Konde, kiongozi atahesabiwa amekufa kila mvua ikinyesha.

FUNDI: Hapo siwezi kubisha. Nimewahi kuona uchaguzi juu ya uchaguzi, mashine zote nzima, na hakuna kazi inayokwenda. Tulibadilisha namba mpaka ikatulia. Kwa kujaribujaribu.

MWALIMU: Na tofauti ya kujaribujaribu na kujua ndiyo ada yenyewe.

Naungana na Mwalimu, ingawa Fundi ana haki zaidi ya tunavyopenda kukiri sisi wapenda vitabu. Uzamili unaofundisha kuwasha na kuzima zana ni fedha iliyotupwa, maana zana zitabadilika kabla mkopo haujalipwa. Karatasi ya Leslie Lamport ya mwaka 1978 kuhusu wakati, saa na mpangilio wa matukio ina miongo zaidi ya minne, na bado inafundishwa wiki za mwanzo. Aliionyesha dunia kwamba katika mashine zilizo mbalimbali swali la nini kilitangulia si lazima liwe na jibu. Ikiwa jambo la kwanza limeandikwa na mashine ile ile kabla ya la pili, limetangulia. Ikiwa la kwanza ni kutuma ujumbe na la pili ni kuupokea, limetangulia. Nje ya minyororo hiyo, mambo mawili yanaweza kuwa hayakutanguliana kabisa, na saa ya ukutani haitusaidii, kwa kuwa kila mashine ina saa yake na kila saa inakosea kivyake. Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Turing. Ukiielewa karatasi ile, utaielewa zana yoyote itakayokuja.

Mama mhudumu alikuwa kimya muda wote. Nilimwachia nafasi makusudi, kwa sababu yeye ndiye anayeibeba hoja hii mkononi.

MHUDUMU: Mie sijui Lamport. Nina simu niliyopewa ya kazi. Naingia nyumba kwa nyumba, kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Simu inaniongoza nimuulize mama nini, nimwambie nini, dalili ipi ni ya hatari. Kuna nyumba haina mtandao kabisa. Simu haigomi, inaandika, inaweka. Nikifika penye mtandao inapeleka.

BINTI: Huo ni mpango wa Jamii ni Afya, na ami, hiyo ndiyo mifumo iliyotawanyika tuliyonayo hapa hapa. Kufikia 2021 ulikuwa umefika wilaya zote za Zanzibar, Unguja na Pemba, na wahudumu zaidi ya 2,000. Programu yake imejengwa juu ya Community Health Toolkit, nayo ndani hutumia hifadhi ya data ya CouchDB. Kila simu ina nakala yake ya kazi, seva ina nakala yake, na nakala hizo zinakutana pale mtandao unaporuhusu. Waliobuni walichagua upande mmoja wa lile swali la Brewer. Walisema: mtandao ukikata, kazi iendelee, kulingana kwa nakala kutakuja baadaye.

MHUDUMU: Wamefanya vizuri. Mimba haingojei mtandao.

AMI: Basi kama wameshatengeneza, wewe unakwenda kusomea nini?

BINTI: Nakwenda kusomea pale nakala zinapokutana na hazikubaliani. Chukua taarifa za mama mmoja. Mhudumu amezirekebisha akiwa hana mtandao. Siku hiyo hiyo mtu wa pili, mwenye ruhusa, amezirekebisha kituoni. Zikikutana, ipi ishike? Mtu wa haraka atasema ya karibuni zaidi. Lakini karibuni kwa saa ya nani? Simu iliyoisha chaji ikawashwa na tarehe ya mbele itashinda kila mara, hata ikikosea. CouchDB iliepuka mtego huo. Haitazami saa. Inaangalia nakala ipi imebadilishwa mara nyingi zaidi, na zikilingana inapambanisha namba zilizotokana na maandishi yenyewe. Hivyo kila mashine, bila kuulizana, inamchagua mshindi yule yule. Ni hesabu nzuri sana. Ila mshindi huyo si lazima awe ndiye mkweli. Aliyeshindwa hafutwi, anahifadhiwa, lakini haonekani mpaka mwandishi wa programu aende kumtafuta.

MHUDUMU: Subiri. Unaniambia nilichoandika kinaweza kuwepo na kisionekane?

BINTI: Katika mifumo ya aina hii inawezekana, mama. Ndiyo maana wabunifu wenye busara huifanya kila ziara kuwa waraka mpya, isigusane na ya jana. Nyaraka mbili tofauti hazigombani, zinakaa zote. Ugomvi unabaki kwenye vile vitu vilivyo kimoja tu: jina, mahali anapoishi, tarehe anayotarajiwa kujifungua.

MHUDUMU: Tarehe ya kujifungua! Hiyo inabadilika. Mwanzo nahesabu kwa hedhi ya mwisho aliyoniambia mama. Akienda akapigwa altrasaundi mapema, wanampa nyingine. Ikishapatikana hiyo, ya kwangu isirudi tena, hata nikiwa nimeandika mara kumi. Lakini akihamia shehia nyingine kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi yetu, hapo mimi niliyemwona nyumbani ndiye ninayejua amekwenda wapi, wala si kituo. Kwa hiyo tarehe waamue wao, mahali niamue mimi.

Maneno hayo ya Mama mhudumu ni utafiti wa uzamili, tena ulio wazi kuliko mapendekezo mengi niliyoyasoma. Tangu 1995, watafiti wa Xerox PARC walipojenga mfumo wa Bayou kwa ajili ya watu wanaofanya kazi nje ya mtandao, fani imekuwa ikijua kwamba kanuni ya kusuluhisha ugomvi lazima itoke katika kazi yenyewe. Mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake walieleza aina za data ambazo kimahesabu haziwezi kugombana: nakala zikikutana kwa mpangilio wowote, zinaishia mahali pamoja. Huo ni msingi imara, lakini hausemi kwamba altrasaundi ya mapema ina uzito kuliko hesabu ya hedhi, wala kwamba mwanamke wa Pemba hurudi kwao kujifungua. Anayeyajua hayo mawili kwa pamoja, hisabati na desturi, hajazaliwa Stanford. Kama yupo, yuko kwenye nyumba kama hizi.

FUNDI: Nakubali hapo kuna kazi. Lakini nitawarudisha chini kidogo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, wote tulihisi. Watu walikaa na simu mkononi hazifungui kitu. Hapo uthibitisho gani ungetusaidia? Tunataka nyaya zaidi, minara zaidi, umeme. Hizo fedha za watafiti zinunue chuma kwanza.

AMI: Hapo mie namuunga mkono. Na nitakwambieni jambo nililoliona. Mwishoni mwa 2009 njia iletayo umeme Unguja kutoka bara iliharibika, wakakaa gizani miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Siye Pemba wakati ule hatujaunganishwa, tuko na majenereta yetu. Waya wetu wa kutoka Tanga ulikuja mwaka huo huo wa 2010, baada ya hayo. Umeme wa majenereta ulikuwa wa taabu, hilo nalijua, mafuta yakikosekana hatuna kitu. Lakini giza la Unguja halikuwa letu.

BINTI: Ami, umesema kitu kikubwa. Hakuna anayetaka kurudi kwenye majenereta. Lakini waya mmoja mzuri ulifanya sehemu zote zianguke pamoja. Kaka fundi, wewe unasema nyaya zaidi, na mie nazitaka. Ila jiulize kwa nini waya ukikatika upande wa Afrika Kusini, mtu aliyeko Konde anashindwa kufungua taarifa za mtu aliyeko Micheweni. Ni kwa sababu mtu fulani alipoamua seva ikae wapi, aliamua pia nani ataendelea na kazi siku ya kukatika. Amazon walifungua vituo vyao vya data vya Cape Town mwaka 2020, na bei ni nzuri. Hata M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007, mashine zake zilikaa Ujerumani mpaka 2015. Mtu wa Kisumu anamlipa mtu wa Kisumu, na hesabu inafanywa Ulaya. Chuma hakikuamua hivyo. Ni uamuzi wa ubunifu, na anayeufanya ni mtu aliyesoma.

FUNDI: Au ni mhasibu.

BINTI: Mhasibu anamuuliza nani?

Fundi hakujibu. Mimi nitaongeza neno. Kwa muda mrefu fani hii ilichukulia kukatika kwa mtandao kuwa ajali, jambo la pembeni linaloshughulikiwa mwishoni mwa kitabu. Hata Coda, mfumo uliojengwa Carnegie Mellon miaka ya 1980 na 1990 ili kompyuta ziendelee kutumia mafaili zikiwa zimetengwa na seva, ulimfikiria mtu anayechukua kompyuta yake kwenda nayo nyumbani na kurudi kazini asubuhi. Makangale hali ni kinyume: kukatika ni kawaida, kuunganishwa ndiyo tukio. Anayesoma akitokea hapa anaanza na sharti gumu zaidi la somo, na hana haja ya kuliigiza maabara.

AMI: Nimesikia. Sasa tuzungumze pesa, maana nyote mmezungumza kama pesa inaota Ngezi. Wapi, na kwa nani?

BINTI: Ziko njia kadhaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana ndaki yao ya teknolojia ya habari na mawasiliano, Kijitonyama. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, wao ni wa uzamili na uzamivu. Kigali wapo Carnegie Mellon, hao hao wa Coda, na wamekuwa wakifundisha uzamili huko tangu 2012. Na hapa kwetu, Bweleo, Unguja, IIT Madras walifungua 2023, kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India, wakaanza na uzamili wa sayansi ya data na akili bandia.

FUNDI: Si uende huko huko kwenye akili bandia? Ndiko kila mtu anakokwenda.

BINTI: Hiyo akili bandia inafunzwa kwa maelfu ya mashine zinazofanya kazi moja kwa pamoja, na moja ikifa katikati lazima kazi isianze upya. Mtu aliyesoma somo langu ndiye anayehakikisha hilo. Nikienda Bweleo nitapeleka swali langu kule. Ninachokitafuta ni msimamizi kuliko jina la shahada.

MWALIMU: Hilo lishike. Msimamizi atakayesoma uthibitisho wako mstari kwa mstari na kukuonyesha shimo. Mihadhara ya bure aliyoisema fundi ni mizuri, lakini video haikwambii umekosea. Muulize kila msimamizi kabla hujajaza fomu: amesimamia nini, na kimejengwa wapi.

AMI: Na ukishasoma, utakaa Makangale? Sema kweli.

BINTI: Sijui, ami. Huenda nikafanya kazi Dar es Salaam, au mbali zaidi.

Swali hilo la ami nimelisikia likiulizwa kwa mabinti mara nyingi kuliko kwa wavulana. Vijana wa kiume wa Pemba wanakwenda Unguja, Tanga, Oman, wanafanya kazi, wanajenga nyumba za mama zao, na hakuna anayewadai ahadi ya kukaa kabla hawajapanda boti. Siamini kwamba elimu ya binti huyu ihukumiwe kwa mahali atakapolala. Iulizwe kama swali alilolibeba kutoka Makangale lilijibiwa, na kama jibu linatumika Makangale.

MHUDUMU: Mie nitasema kama mama. Amesema hajui. Angekuwa anadanganya angesema atakaa.

AMI: Haya. Mwaka wa kwanza nitausimamia mimi, Mungu akijaalia msimu wa dagaa uwe mzuri. Wa pili uombe mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, au ufadhili, sitaki kuahidi nisichokuwa nacho.

BINTI: Mwaka wa pili ndio wa utafiti, na nataka niufanye huku. Mashine ndogo ikae kituo cha afya, ihifadhi nakala ya shehia hizi za jirani. Simu za wahudumu zikutane nayo kwanza, bila kutegemea waya wa baharini, kisha yenyewe ikutane na seva kuu mtandao ukipatikana. Nipime ni mara ngapi nakala zinagombana, na kanuni ya mama mhudumu inasuluhisha ngapi.

FUNDI: Umeme ukikatika?

BINTI: Betri na sola. Mashine yenyewe haili umeme mwingi.

FUNDI: Ikiibiwa?

BINTI: Data itafungwa kwa ufunguo.

FUNDI: Na ufunguo utakaa wapi? Ukiwa ndani ya mashine, mwizi kaondoka nao. Ukiwa Unguja, mtandao ukikata mashine haijifungui baada ya kuzimika, na umerudi kule kule ulikokimbia.

MHUDUMU: Hapo pazito. Habari za mimba za watu si za kukaa ovyo. Kuna mama hajamwambia hata mumewe, kaniambia mie. Ikitoka, sitapokewa tena katika nyumba yoyote hapa.

BINTI: Sina jibu la hilo bado. Labda ufunguo ugawanywe, kipande kwa mhudumu, kipande kwa daktari wa zamu, kipande kwingine, wakikutana wawili ufunguke. Adi Shamir alionyesha mwaka 1979 kwamba siri inaweza kugawanywa namna hiyo. Lakini usiku wa manane, mama ana uchungu, mhudumu mmoja tu ndiye yuko macho...

MWALIMU: Basi hujafika bado. Hilo ni gumu kuliko la tarehe.

AMI: Ukiandika ombi lako, lianze na hilo.